Bawabu Hakuondoka Mlangoni

4 Machi

Kwa Mzee Fundi,

Shikamoo. Mama hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anaulaumu ule mto anaolalia? Mimi nipo. Nimepungua kidogo, lakini usimwambie, ataanza kunitumia chakula.

Najua utanicheka kwamba naandika barua na simu ninayo mkononi. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba jambo la maabara huandikwa, halisemwi, kwa sababu maneno ya mdomo kila mtu huyakumbuka anavyopenda. Basi nimeandika.

Mama aliwahi kulalamika kuwa habari zetu hazieleweki, kwa hiyo kipande hiki ni chake. Mama, ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna uzi wa urithi, mrefu ajabu, umezungushwa juu ya protini kama uzi wa kushonea kwenye kigurudumu chake. Uzi pamoja na protini zake ndiyo kromatini. Hatuwezi kuziona protini hizo hivi hivi. Tunachukua kingamwili, yule askari wa damu anayemtambua mtu mmoja tu na kumng'ang'ania, tunaifunga rangi inayong'aa kijani, kisha tunaimwagia seli. Inakwenda kumkamata yule tunayemtafuta. Tukitazama kwa hadubini, penye kijani ndipo alipo. Mumeo alikuwa bingwa wa kuifunga hiyo rangi.

Protini zetu ni mbili, na majina tuliyapa wenyewe. Bawabu hukaa ukingoni mwa kiini, ukutani, akiushika uzi uliofungwa. Karani hukaa katikati, penye uzi uliofunguliwa ili usomwe. Mwaka mzima nimekuwa nikizinyima seli chakula na kuangalia Bawabu anafanya nini. Jibu unalijua, ulikuwepo nilipopiga kelele mpaka Profesa akatoka ofisini: seli zikishiba, Bawabu yuko mlangoni, zikiwa na njaa, anaacha lindo na kwenda katikati. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Ndiyo shahada yangu, Mzee, na ndiyo makala ambayo Profesa anataka kuituma.

Sasa sikia balaa. Lile sanduku la vichupa ulilonitengenezea kabla hujastaafu limekaribia kwisha. Kimya, yule binti aliyechukua nafasi yako ya ufundi, ameniandalia jipya kwa kufuata kitabu chako neno kwa neno. Nimelitumia mara sita. Seli zilizoshiba: Bawabu mlangoni. Seli zenye njaa: Bawabu mlangoni. Hatikisiki. Njaa haimtoi tena.

Tarehe kumi na mbili Mei nasimama mbele ya jopo. Niambie, wewe ulikuwa unafanya nini ambacho hakimo kwenye kitabu?

Ni mimi,
Maswali


10 Machi

Kwa Maswali,

Marahaba. Mama anasema umepungua kwa sababu hukai chini ukala, na mfuko wa karanga unakuja. Hilo mmalizane wenyewe.

Sikuwa nafanya chochote ambacho hakimo kwenye kitabu. Kile kitabu nimekiandika miaka thelathini na moja, kina kurasa arobaini na saba na doa moja la chai. Kila kitu kimo.

Kwa hiyo anza na mikono yako, binti yangu. Mchagua jembe si mkulima. Kwanza, mwanga. Rangi ile inachukia mwanga kuliko paka anavyochukia maji. Je, mnafunga pazia au siku hizi mnajionea raha na dirisha wazi? Pili, kuosha. Slaidi huoshwa mara tatu, dakika tano tano, si "kama dakika tano". Nakujua, ulikuwa unahesabu huku unapiga soga. Tatu, dawa ya kukaushia seli ikikaa sana huharibika. Fungueni chupa mpya. Nne, hizo seli zenye njaa zina njaa kweli? Huenda mnazilisha bila kujua.

Ukishapita hapo kote, niandikie tena.

Huku ni kuzuri. Nina kuku tisa na bustani ya mchicha. Natembea asubuhi mpaka kona ya duka na kurudi. Macho yangu yako salama, usiulize kama walivyouliza wale wa ofisi ya wastaafu, kwani nani amewaambia mzee lazima awe kipofu?

Salimia hadubini yangu.

Fundi


3 Aprili

Kwa Mzee Fundi,

Shikamoo. Karanga zimefika, zimekwisha siku hiyo hiyo. Kimya alikula nusu bila kusema neno, ndiyo maana tunamwita hivyo.

Nimefanya yote manne. Nimefunga pazia mpaka nimejigonga kwenye meza. Nimeosha kwa saa ya ukutani huku mdomo nimeufunga, na hilo Kimya mwenyewe ni shahidi. Nimefungua chupa mpya. Seli nimezipima, zina njaa ya kweli, zimesinyaa mpaka zinatia huruma. Wiki tatu, Mzee. Bawabu yuko pale pale mlangoni.

Katika sanduku lako vimebaki vichupa vinne, viwili kushoto na viwili kulia. Nilitaka kuvijaribu, Profesa akavifungia kwenye friza ya ofisini kwake. Anasema ni vya kuwaonyesha jopo, visipotezwe kwa wasiwasi.

Ameamua kwamba kosa ni la Kimya. Anadai kingamwili aliyoitengeneza haikusafishwa vizuri, inaganda tu ukutani kama uchafu. Kimya bado yuko kwenye muda wa majaribio, unakwisha tarehe tano Mei. Profesa ameandika ripoti kwamba kazi yake haiaminiki na asithibitishwe. Mtu wa pili alitakiwa kutia sahihi. Nilitia.

Nakuambia kwa sababu sijamwambia mwingine. Kimya alikuwa amesimama karibu na sinki akiosha vyombo vyangu, na mimi nikatia sahihi. Ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili wanaosoma. Nilijisemea kwamba Profesa anajua zaidi yangu. Pia nilijisemea kwamba mwaka mzima wa kazi yangu hauwezi kuwa uongo. Sasa sijui lipi kati ya hayo mawili lililoushika mkono wangu.

Una lolote la kuniambia kuhusu lile sanduku?

Mwandiko wako umependeza siku hizi, herufi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Kustaafu kumekufaa.

Maswali


11 Aprili

Kwa Maswali,

Sanduku langu halina kasoro. Miaka thelathini na moja sijawahi kukosea kichupa, muulize yeyote.

Kama Profesa amesema ni huyo mpya, basi Profesa ana macho. Vijana wa sasa wana haraka. Wewe jiandae kwa jopo lako, acha kuchimba visivyochimbika.

Mvua zimeanza. Mchicha umestawi.

Fundi


11 Aprili, jioni

Mwanangu,

Barua hii mzee haijui. Nitaiweka kwenye bahasha yake mwenyewe na kuipeleka posta pamoja na ile nyingine, kwa hiyo utazipata zote siku moja. Anza na ile, kisha hii.

Umesifia mwandiko. Ni wangu. Barua zako namsomea mimi, na majibu yake naandika mimi, yeye akiwa amekaa kwenye kiti anaangalia ukutani. Fundi haoni, mwanangu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Si jambo la jana. Mwaka wa mwisho wa kazi alikuwa anahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka mezani kwake. Alinikataza kumwambia mtu. Alisema wakijua watamwondoa kabla ya siku yake, na yeye anataka kutoka kwa mlango wa mbele akiwa amevaa koti lake jeupe. Nikanyamaza. Nilidhani namhifadhia heshima yake.

Hospitali walimwambia yanaweza kufanyiwa upasuaji, ni jambo dogo. Hataki. Nikimuuliza ananiambia nikapike.

Mimi mambo ya vichupa siyajui. Ila mume wangu namjua. Tangu barua yako ya kwanza hajamaliza sahani ya chakula. Leo nilipomsomea habari ya huyo binti mwenye mama mgonjwa, alinyanyuka akaenda kusimama na kuku uani, kwenye mvua, bila mwavuli. Aliporudi ndipo akaniambia niandike ile barua fupi. Niliandika kila neno alilolisema, na kila neno liliuchoma mkono wangu.

Nikamwambia, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Usimwambie nimekuandikia. Muulize tu kwa upole. Muulize siku ile ilikuwaje.

Mama yako,
Mke wa Fundi


20 Aprili

Kwa Mzee Fundi,

Shikamoo.

Barua yako imefika. Sitakuuliza tena kama sanduku lako lina kasoro, umeshanijibu.

Leo nataka kukuomba kitu kingine, na hiki hakina ubishi ndani yake. Nisimulie siku ulipolitengeneza. Kila hatua, kama ulivyokuwa ukinifundisha siku za mwanzo nilipokuwa siwezi hata kushika pipeti bila kutetemeka. Ulianza na nini, taa zilikuwaje, ulipumzika wapi, ulirudi ukashika nini kwanza.

Nitakuambia kwa nini. Nilivyokuandikia kwamba Profesa amevifungia vile vichupa vinne, nilikuandikia nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba nilifurahi. Vikiwa vimefungiwa, siwezi kuvijaribu. Nisipovijaribu, Bawabu wangu bado anatoka mlangoni. Nimeishi wiki saba hivi, nikiogopa kujua jambo ambalo ndilo kazi yangu kulijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu sikutaka kuikung'uta.

Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Siku nilipovunja slaidi ishirini kwa mkupuo mmoja, ulisema ni vioo tu, ukanipa ufagio. Lolote ulilonalo, mimi nitakupa ufagio. Sitakupa zaidi ya hapo wala pungufu.

Zimebaki siku kumi na tano kwa Kimya.

Maswali


26 Aprili

Maswali,

Mke wangu amekataa kuandika. Anasema mkono wake umestaafu. Kwa hiyo huu ni wangu, naweka rula juu ya karatasi nipate kujua mstari uko wapi. Ukiona maneno yamepandana yashushe taratibu.

Siioni vizuri dunia. Mtoto wa jicho. Mwaka wa tatu sasa. Nilikudanganya.

Siku ile ilikuwa hivi. Nilitengeneza kingamwili mbili siku moja, ya Bawabu na ya Karani, kwa kuwa nilitaka kumaliza zote kabla sijaanza likizo. Zote rangi ile ile ya kijani. Zilipokuwa tayari kila moja niliitia kwenye chupa yake kubwa, chupa mama. Unajua desturi yetu, hatuandiki kwa wino kwa sababu spiriti hufuta wino, tunabandika utepe. Buluu kwa Bawabu, mweusi kwa Karani. Vifuniko vya vichupa vivyo hivyo, sanduku la buluu na sanduku jeusi.

Taa nilizipunguza kwa ajili ya rangi. Taa nusu, macho nusu.

Nikagawa. Kwanza upande wa kushoto wa masanduku yote mawili. Hapo chupa mama nilikuwa nimezipanga mwenyewe, buluu mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nilizijua kwa mahali, si kwa rangi. Kisha nikaitwa kwenda kutia sahihi karatasi za kustaafu. Nilizirudisha kwenye ndoo ya barafu zisiharibike. Niliporudi nikazitoa tena. Nikaziangalia zile tepe, zote mbili nyeusi. Nikasogea karibu na taa. Zote mbili nyeusi. Mtu mwingine angemwita mwenzake mlango wa pili akamuuliza, ndugu yangu, hii ni rangi gani? Neno dogo tu. Nikaona aibu. Nikasema mkono wangu unajua. Nikachukua moja nikajaza upande wa kulia wa sanduku lako, na nyingine upande wa kulia wa lile jeusi.

Na mimi ndiye niliyekufundisha kichupa kimoja kwa slaidi moja, kushoto kwa walioshiba, kulia kwa wenye njaa, ili usichanganye. Umenisikiliza mwaka mzima bila kukosea hata siku moja. Kama ungekuwa mzembe tungegundua mapema.

Ulipoandika mara ya kwanza nilijua kabla mke wangu hajamaliza kusoma. Nikakutuma ukaoshe slaidi. Wiki tatu. Naona aibu kwa hizo wiki tatu kuliko kwa kile kichupa. Kile kilikuwa macho. Hizi zilikuwa mimi.

Usiniamini kwa maneno, pima. Vile vinne vya Profesa huvihitaji. Sanduku jeusi, la Karani, lilikuwa la yule kijana aliyebadilisha somo, halijafunguliwa. Liko friza ya korido, rafu ya chini kabisa, nyuma. Chukua kichupa kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, mwagia seli zilizoshiba, zote sawa. Kama nilibadilisha, cha kushoto kitakuonyesha katikati na cha kulia kitakuonyesha mlangoni. Mchana mmoja tu unatosha.

Halafu mpelekee Profesa barua hii kama ilivyo. Usiinakili upya. Aione ilivyopinda.

Yule binti sijui hata uso wake. Mwambie

(hapa nimekwama, nimeandika mara mbili nikafuta. Mwambie kitabu alikifuata sawa.)

Fundi


6 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe mbili. Niliisoma nimekaa chini kwenye korido, mgongo kwenye ile friza. Maneno yalipandana, nikayashusha taratibu kama ulivyosema. Nililia, sikufichi. Mhudumu wa usafi akaniuliza kama nimefiwa.

Sanduku jeusi lilikuwa pale pale, nyuma, limeshikwa na barafu mpaka nikaligonga kwa ngumi. Nilimwita Kimya. Nilimwambia kila kitu kabla hatujaanza, pamoja na habari ya sahihi yangu. Alinisikiliza, akakausha mikono, akasema, "Lete seli." Basi.

Tulifanya pamoja. Yeye aliosha, mimi nilihesabu. Saa nane mchana tukakaa kwenye hadubini yako. Kichupa cha kushoto: kijani katikati. Nikamwomba Mungu, na nikuambie ukweli, sikujua naomba nini. Nikaweka cha kulia. Kijani ukutani, pete nyembamba kuzunguka kila kiini, nzuri kama nini. Bawabu, kwenye sanduku la Karani, kwenye seli zilizokuwa na shibe yake.

Kwa hiyo hakuwahi kuondoka mlangoni, Mzee. Mwaka mzima niliyekuwa nikimwona katikati ni Karani, ambaye kukaa pale ndiyo kazi yake.

Tulikwenda kwa Profesa wote wawili. Nilimpa slaidi, kisha barua yako. Slaidi aliziangalia dakika tano. Barua aliisoma muda mrefu zaidi. Nilidhani atapiga meza. Alisema tu, "Alikuwa anahesabu hatua. Nilimwona akihesabu hatua, nikadhani anaomba." Akavua miwani yake. Kisha akaichana ile ripoti ya Kimya mbele yake na kumwomba radhi. Jana Kimya amethibitishwa kazini. Makala haitumwi. Jopo limeahirishwa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja mwingine, Mzee. Nimekasirika nawe, wacha niseme wazi. Kwa kichupa, hapana. Kwa zile wiki tatu, ndiyo, na nadhani nitaendelea kukasirika mpaka kama Juni hivi. Nimejikasirikia na mimi vile vile, hiyo sijui itakwisha lini. Kimya zamani alikuwa ananiita dada. Sasa hivi ananiita kwa kazi tu: lete seli, shika hiki. Sina haki ya kulalamika.

Lakini kuna jambo. Profesa, katika hasira, alisema kitabu chako kiondolewe mezani, tuanze kipya. Na Kimya, ambaye katika miezi minane sijamsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo, alikishika kitabu kwa mikono yote miwili akasema, "Kitabu hiki nimekifuata na kazi yangu ilitoka sawa. Hakiondolewi. Kinaongezwa ukurasa." Profesa akabaki mdomo wazi. Mimi pia.

Ukurasa wa arobaini na nane unakusubiri. Sitauandika mimi, wala Kimya hatauandika. Ni wako. Ila kwa masharti ya Kimya: uuandike ukiwa unaona unachoandika. Mama, najua ni wewe unayemsomea. Mpeleke hospitali.

Nami nimekuandikia ufagio, kama nilivyoahidi. Ndiyo barua hii.

Maswali


9 Julai

Kwa Maswali, na kwa fundi mwenzangu anayeitwa Kimya,

Wamenitoa jicho la kulia wiki mbili zilizopita. Yaani mtoto wake, jicho lenyewe limebaki. La kushoto ni mwezi ujao. Lilikuwa jambo la dakika ishirini na mimi nililiogopa miaka mitatu.

Nimemwona mke wangu. Ana mvi nyingi kuliko nilizomwachia. Nilimwambia hivyo, naye akasema na wewe ukajitazame kwenye kioo. Nimejitazama. Ana haki. Kuku si tisa, ni wanane. Wa tisa ni kopo lililokuwa limelala uani, na nimelisalimia asubuhi zote hizo.

Juni imepita. Sikuulizi, ila nimehesabu.

Ukurasa huu hapa. Nimeuandika mara moja tu, sikufuta kitu.

"Ukurasa wa 48. Slaidi zinazolinganishwa zimwagiwe kutoka kichupa kimoja, walioshiba na wenye njaa pamoja. Kanuni yangu ya ukurasa wa 12, ya kushoto na kulia, ilikuwa mbaya, ifutwe. Chupa mama mbili zisikae meza moja siku moja. Na fundi asiyeona rangi ya utepe amwite mwenzake amuulize. Mimi sikuuliza, nikampotezea mwanafunzi mwaka na nusura nimpotezee fundi mwenzangu kazi. Aliyeandika haya ni Fundi, aliyetumikia chumba hiki miaka thelathini na moja."

Kimya, asante kwa kukishika kitabu. Siku nikija, nikuone uso.

Maswali, uubandike ukurasa mwisho wa kitabu, baada ya lile doa la chai. Usitumie gundi, itachafua. Nimekuwekea kipande cha utepe ndani ya bahasha, nimekinunua mwenyewe dukani kwenye kona. Zilikuwepo rola mbili za utepe kwenye rafu, za rangi mbili, na muuza duka alikuwa nyuma akipanga sabuni.

Ni wa buluu. Sikumuuliza mtu.

Fundi